Shajara ya mradi: ile taa kule juu ni nini?

4 Januari 2025

Naanza kuandika leo maana nisipoandika huu mradi utakufa kama ile mingine mitatu. Jana Ijumaa mwezi mwembamba ulikaa karibu kabisa na sayari ya Zuhura upande wa magharibi, simu yangu haikupumzika, dada, jirani, jamaa niliyesoma naye zamani ambaye hatujaongea miaka, wote swali ni moja tu, ile taa pembeni ya mwezi ni nini. Nikajibu wote "Zuhura" nikajiona profesa. Afu mpwa wangu akauliza, "Mjomba umejuaje?" Nikakaa. Nimejuaje? Nimejua tu basi, kwa sababu najua. Hilo sio jibu.

Kwaiyo mradi wenyewe ni huu: mpaka mwisho wa Februari mtu akinielezea kwa maneno tu alichokiona angani niweze kumwambia ni nini bila kufungua apu ya nyota. Apu naitumia kusahihisha tu, kama yale majibu ya nyuma ya kitabu.

Nimetengeneza jedwali, kila kitu kinachong'aa kinapata mstari wake: saa ngapi, upande gani, urefu kutoka upeo wa macho, rangi, inametameta au imetulia, na baada ya dakika kumi imekwenda wapi. Nilitaka kuweka na "inang'aa kiasi gani" ila kila mtu anajibu "sana", haisaidii.

Urefu tunapima kwa ngumi. Unanyoosha mkono wote, ngumi moja ni kama digrii 10, kidole kidogo ni kama digrii 1. Kutoka upeo wa macho mpaka utosini ni digrii 90 kwaiyo zinatakiwa ziingie ngumi tisa. Mimi nilipata saba na nusu, nikaanza kuilaumu mikono yangu mikubwa, kumbe nilikuwa nakunja kiwiko, ngumi ikija karibu na jicho inakuwa kubwa. Nimenyoosha vizuri nikapata tisa na kidogo. Mpwa kapata tisa kamili na ana mkono wa mtoto, sababu mkono mdogo una ngumi ndogo, inajisawazisha yenyewe.

6 Januari

Mistari mitano tayari, mitatu kati yake ni Zuhura, nilitegemea. Juu ya Zuhura, ngumi moja na kitu hivi, kuna nukta ya manjano hafifu imetulia tuli. Zohali. Hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza kuhusu Zohali na siwalaumu, mwaka huu pete zake zimelala ubavu kwetu ndo maana imefifia zaidi, afu iko jirani na Zuhura ambayo inang'aa zaidi ya mara 150 kuliko yenyewe, nani ataiona.

Hapa ikabidi nirudi kwenye vipimo vya mng'ao maana namba zake zinachanganya, ndogo ndo kubwa. Asili yake ni Wagiriki wa kale, nyota kali waliziita daraja la kwanza na zinazoonekana kwa shida daraja la sita, mwaka 1856 Norman Pogson akaiwekea hesabu kwamba tofauti ya madaraja matano ni mara 100 kamili. Vitu vikali zaidi ya daraja la kwanza vikashuka mpaka sifuri na chini yake. Shira, nyota kali kuliko zote usiku, ina -1.46. Suheli inafuata, -0.74. Sayari ya Mshtarii siku hizi iko -2.6 hivi na Zuhura iko -4.5 na bado inapanda. Ukishazijua hizo nne umemaliza maswali mengi, maana watu hawaulizi kuhusu nyota za daraja la tatu.

9 Januari

Jirani kaja na habari ya droni. Kasema ipo mashariki, inawaka nyekundu, kijani, bluu, imesimama pale pale na inatuangalia. Nikamuuliza ngumi ngapi, kasema kama mbili. Inametameta? "Inametameta kama imeharibika." Nikatoka nje. Shira.

Sikumcheka kwa sababu ukweli ni kwamba inavyofanya pale chini inatisha kidogo. Nyota iko mbali kiasi kwamba kwetu ni nukta tupu (Shira iko miaka nuru 8.6, yaani mwanga wake unasafiri miaka 8.6 kutufikia, na hiyo ni jirani), mwanga wake mwembamba ukipita kwenye hewa inayotikisika unarushwa huku na huku. Ikiwa chini karibu na upeo wa macho mwanga unapita hewa nyingi zaidi na kila rangi inapindishwa kivyake, ndo unaona nyekundu mara kijani mara bluu. Nyota zingine zinafanya hivo hivo ila Shira ni kali vya kutosha macho yetu yanazishika zile rangi. Sayari iko karibu, ina duara dogo hata kama sisi hatulioni, kwaiyo ile mitikisiko inafutana na mwanga unatulia. Sio sheria ya chuma lakini, nimeiona Zuhura ikimetameta vizuri tu ikiwa inakaribia kuzama.

Nilimwambia jirani tukae nusu saa. Anga inageuka digrii 15 kwa saa, kwaiyo nusu saa ni digrii saba na nusu, chini ya ngumi moja, ila ukiweka alama kwenye ncha ya ukuta unaiona. Ikapanda. Nikamwonyesha pia zile nyota tatu zilizopangana kwenye mkanda wa Jabari (kundi la nyota la Orion), ukizifuata kwenda upande mmoja unafika kwa Shira, upande wa pili unafika kwa nyota ya Dabarani na ukiendelea unafika kile kikundi cha nyota cha Kilimia. Kaangalia, kakubali, afu kasema "sawa lakini droni nazo zinapanda". Basi.

13 Januari

Mwezi mpevu. Umemeza kila kitu. Mirihi ilikuwa pembeni yake leo na hata hiyo ilibidi nizibe mwezi kwa kiganja.

16 Januari

Wekundu watatu. Hii imenitoa jasho.

Leo kwenye anga Mirihi iko mkabala kabisa na jua, sisi tuko katikati yao, inachomoza jua likizama na iko juu usiku kucha, hali hii inarudi kila baada ya miezi 26 hivi. Mng'ao -1.4, karibu sawa na Shira. Shida ni kwamba eneo hilo hilo la anga lina nyota ya Betelgeuse na lina Dabarani, zote zina rangi ya chungwa-nyekundu. Mtu akiniambia "nyekundu, mashariki, imepanda" nina wagombea watatu.

Nilijaribu kuzitenganisha kwa rangi, haikwenda, mimi na mpwa tukiangalia kitu kimoja yeye anasema chungwa mimi nasema nyekundu. Kumetameta kunasaidia kidogo. Kilichosaidia ni kuuliza majirani wa hiyo nyota: Betelgeuse ina mkanda wa nyota tatu pembeni, Dabarani iko kwenye kikundi chenye umbo kama herufi V, na kwa sasa ina jirani mkubwa mweupe ambaye ni Mshtarii. Mirihi iko karibu na zile nyota mbili za Mapacha, Castor na Pollux, na ndo pekee kati ya watatu inayohama. Nimeichora leo ilivyo na hao Mapacha. Nitachora tena wiki ijayo.

(Betelgeuse nayo usiiamini sana. Mwishoni mwa 2019 mpaka Februari 2020 ilififia mpaka watu wakaanza kusema inalipuka. Haikulipuka, lilikuwa wingu la vumbi lililotoka kwenye nyota yenyewe.)

19 Januari

Jana Zuhura na Zohali zilikuwa digrii mbili tu, safi sana, ila leo siandiki kuhusu hizo, naandika kuhusu aibu.

Dada kanitumia maelezo, na nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kwaiyo alijaza kila kitu: saa 2, juu sana karibu utosini, imeelekea mashariki kidogo, nyeupe ya maziwa, imetulia, dakika kumi haijaenda popote. Nikakaa na ramani yangu ya karatasi ile ya kuzungusha, nikaweka tarehe, nikaweka saa 2:00, nikatafuta juu kidogo mashariki. Regulus. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Dada hiyo ni Regulus, moyo wa Simba", nikaongeza na maelezo ya miaka nuru.

Akajibu, "Mbona we ulisema Regulus ni hafifu, hii inawaka kama taa ya barabarani?"

Nikarudia. Regulus tena. Nikarudia mara ya tatu ndo nikaiona: saa mbili ya dada ni saa mbili usiku, ramani inahesabu kuanzia usiku wa manane, kwaiyo saa 2:00 yake ni saa nane usiku. Nimekosea masaa sita. Masaa sita mara digrii 15 ni digrii 90, yaani nimeizungusha anga yote robo duara, nikamwonyesha dada yangu kitu ambacho kwake hakijachomoza vizuri bado. Nilipoweka 20:00 Mshtarii ikawa pale pale alipoelekeza. Tofauti ya mng'ao kati ya Mshtarii na Regulus ni madaraja manne, kama mara 40. Mara arobaini! Na mimi nilikuwa nabishana nae.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba Regulus saa nane usiku na Mshtarii saa mbili usiku ziko karibu sehemu ile ile, juu, mashariki kidogo. Ingekuwa ramani imenipa sehemu tupu ningeshtuka mapema. Jibu baya lililofanana na jibu zuri ndo lilinimaliza.

Nimepitia mistari yote 19. Minne nilikuwa nimeijaza vibaya hivo hivo na sikuwa najua, miwili nilikuwa nimeshamjibu mtu. Nimewaandikia wote. Safu ya saa sasa ina safu mbili, ya kwanza mtu anaandika anavyosema, ya pili nageuza mwenyewe, na lazima neno "usiku" au "asubuhi" liwepo, saa 11 bila neno sipokei.

23 Januari

Nimechora Mirihi tena. Imehama waziwazi, sasa iko karibu na Pollux, digrii mbili na nusu hivi, na imehama kuelekea magharibi, kinyume na kawaida yake. Sio kwamba imegeuka, ni dunia yetu iko mbio zaidi kwenye njia ya ndani tunaipita, kama unavyolipita basi lingine barabarani likaonekana linarudi nyuma. Mchoro wa wiki moja ya penseli na mimi nimeona kitu kilichowasumbua watu maelfu ya miaka, nimefurahi peke yangu jikoni.

25 Januari

Leo zimenijia picha kama ishirini za "sayari zote kwenye mstari mmoja". Picha ina sayari saba kubwa kama machungwa zimepangana juu ya mlima. Watu wametoka nje wakarudi wamekasirika.

Jamani sayari ziko kwenye mstari siku zote. Zinazunguka jua karibu kwenye bapa moja, kwaiyo ukiziangalia kutoka hapa zinafuata njia ile ile inayopita jua na mwezi. Cha kipekee sasa ni kwamba kadhaa ziko juu kwa wakati mmoja jioni: Zuhura na Zohali magharibi, Mshtarii juu, Mirihi mashariki, ni zaidi ya nusu ya anga kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, hakuna kamera ya simu itakayoziweka kwenye mstari wa sentimita tano. Uranus na Neptune zinahesabiwa ila Neptune huioni kwa macho hata kidogo na Uranus ni ya kubahatisha kwenye giza zito sana.

Ila huo mstari umenisaidia kwenye mradi! Kitu kikali kikiwa mbali na njia ya mwezi sio sayari, kwisha. Suheli kwa mfano, imenichanganya mara mbili kwa vile haimetimeti sana ikiwa juu, ila iko kusini huko mbali na njia, haiwezi kuwa sayari hata siku moja. Wanaokaa mbali sana kaskazini hawaioni kabisa, wana swali moja pungufu.

Na Zuhura haiendi mbali na jua zaidi ya digrii 47 hivi, kwaiyo mtu akiniambia kaona Zuhura saa sita usiku utosini najua sio.

29 Januari

Nimegombana na apu. Naelekeza simu kwenye Shira inaniambia hapo hakuna kitu, inasema Shira iko kule pembeni ambako mimi naona weusi mtupu. Nikafuta apu nikapakua upya, bado. Kumbe kava langu jipya la simu lina sumaku ya kufungia, dira ya simu inafuata kava badala ya kufuata dunia. Nimetoa kava, nimezungusha simu kwa umbo la namba nane mara kadhaa, ikarudi sawa. Sasa kabla ya kuuliza apu kitu nisichokijua naielekeza kwanza kwa Zuhura, ikikosea hiyo siiulizi kingine.

1 Februari

Mwezi umerudi kwa Zuhura kama nilivyomwandikia mpwa mwezi uliopita. Maswali kumi na moja. Nimejibu yote kwa dakika tano, bila apu.

5 Februari

Safu ya "dakika kumi imekwenda wapi" ndo imekuwa tajiri kuliko zote na mwanzoni nilitaka kuifuta.

Kama kitu kimevuka anga kwa dakika nne mpaka sita, hakipepesi, hakina sauti, kimetoka upande wa magharibi kwenda mashariki na ni kikali kama Mshtarii au zaidi, hicho ni kituo cha anga cha kimataifa. Kiko kama kilomita 400 juu na kinamaliza mzunguko kwa dakika 93 hivi. Hakina taa inayotuangazia, ni jua linaakisiwa na paneli zake, ndo maana kinaonekana masaa machache baada ya jua kuzama au kabla ya kuchomoza, huku chini giza na kule juu bado kuna jua. Juzi mpwa alikiona kikififia taratibu katikati ya anga kikapotea, akadhani kimelipuka, alikuwa anakaribia kulia. Kimeingia kwenye kivuli cha dunia tu.

Msururu wa taa ndogo zinazofuatana kama shanga ni satelaiti za Starlink zikiwa zimerushwa siku chache nyuma, zilianza kwenda hivo kwa makundi Mei 2019, baadae zinapanda na kutawanyika. Ndege inapepesa na ina nyekundu na kijani, rahisi, isipokuwa ndege inayokuja moja kwa moja kwako na taa za mbele zimewashwa. Hiyo inakaa dakika mbili tatu kama nyota kali haisogei, afu ghafla inageuka. Nilishaiandika "Mshtarii" kwa kalamu kabisa, ikaniacha hapo na kalamu yangu.

Sasa kuna aina ya tatu, "inacheza cheza pale pale". Nina mistari sita ya hivyo na yote ni nyota au sayari. Ukikodolea nukta moja ya mwanga kwenye giza bila kitu kingine pembeni, jicho lenyewe linaifanya ionekane inaelea, kushoto, juu, inarudi. Nimejipima kwa Shira nikaona inaelea kweli, nikajua naidanganya nafsi na bado inaelea. Nikasimama ikagusana na ncha ya paa, kichwa nimeegemeza ukutani, ikatulia papo hapo. Kwaiyo sasa swali langu limebadilika, siulizi tena "ilisogea?" nauliza "ilisogea ukilinganisha na nini?" Jibu likiwa "hapana, nilikuwa naiangalia tu", narudisha mstari. Mawingu yakipita nayo yanafanya kazi hiyo hiyo.

15 Februari

Nimeazima binokula, zile za 10x50. Zuhura wiki hii iko kwenye kilele cha mng'ao, karibu -4.9, nikaielekeza jioni kabla giza halijaingia vizuri maana usiku inaumiza macho haionekani umbo. Ni hilali! Kipande chembamba kama mwezi wa siku tano hivi, robo na kidogo tu ndo imewaka. Inang'aa kuliko wakati wowote ikiwa sehemu kubwa yake ni giza, sababu imetusogelea, imekuwa kubwa kwetu, kile kipande kidogo kinashinda duara zima likiwa mbali. Galileo aliziona hizi sura mwaka 1610 na zikawa ushahidi kwamba inazunguka jua. Mpwa kaangalia kasema "Mjomba ni mwezi mdogo", kanirudishia binokula akaomba tena.

Mshtarii nayo ina vinukta vitatu mstari mmoja, ni miezi yake, jana vilikuwa vinne. Hiyo ni safu mpya ya jedwali na sitaki kuifungua sasa.

24 Februari

Mistari 46. Karibu nusu ni Zuhura, afu Mshtarii, afu Shira. Mmoja tu sijaupatia jina, wa jamaa aliyeandika "juu, kali, jana".

Zuhura imeanza kushuka, mwezi ujao tarehe 23 hivi inapita kati yetu na jua afu inahamia asubuhi. Najua kabisa watu watauliza imeenda wapi na baadae wataniamshia simu saa 11 alfajiri kuniuliza ile taa ya mashariki. Ramani ya asubuhi sijaichora hata robo.

Wakati naandika hapa meseji ya mpwa imeingia: "Saa 1 na dakika 20 usiku, magharibi, ngumi mbili na nusu, nyeupe, imetulia, nimeilinganisha na nguzo dakika kumi imeshuka kidogo. Mjomba usijibu, nina wazo langu, naenda kwanza kuhesabu ngumi upya, nahisi nilikunja kiwiko."